Viungo Vikavu vya Mbavu za Mbuzi na Kuku wa Mkaa: Shajara ya Mradi

Kinachotafutwa

Mchanganyiko mkavu wa kupaka mbavu za mbuzi na mapaja ya kuku yanayochomwa kwenye jiko la kawaida lenye wavu, mkaa ukiwa chini ya nyama, Dar es Salaam. Masharti ni matatu: usiungue ukaleta uchungu, usigande chupani wakati wa masika, na chumvi itoke sawa kila mara, apake mzoefu au mgeni. Rojo la kulowekea la ukwaju, mtindi au ndimu halimo humu.

Vipimo vyote ni vya gramu, kwa mizani inayosoma hadi 0.1. Kijiko cha chai cha chumvi laini hubeba karibu gramu 6; kijiko hichohicho cha chumvi ya mawe iliyopondwa hubeba pungufu, na kiasi gani hutegemea ilivyopondwa. Mapishi ya vijiko ndiyo yanayofanya Jumamosi iwe tamu na Jumapili iwe chumvi tupu. Vifaa vingine: mashine ndogo ya kusagia kahawa, kinu na mchi, chujio la chai, chekecheo la unga, oveni na kipimajoto cha nyama.

Wiki ya 1: kununua

Vyote vinanunuliwa vizima, isipokuwa paprika, yaani unga wa pilipili nyekundu isiyo kali. Pilipili manga ni ya Muheza. Bizari nyembamba, ambayo Unguja wanaiita uzile, inatoka India. Dukani taja jina kamili. Ukisema "binzari" tu unaweza kufungiwa manjano, na hutagundua mpaka ufike nyumbani.

Pilipili manga huchanganywa na mbegu kavu za papai. Mimina kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika mbili. Pilipili iliyokomaa huzama, mbegu za papai huelea. Punje chache za pilipili changa nazo zitaelea, kwa hiyo zipasue zinazoelea uone ndani kabla hujamrudia muuzaji na maneno makali.

Kuna wanaopima viungo vya unga kwa tone la iodini: ikigeuka buluu-nyeusi, wanasema kumetiwa unga wa mahindi. Kwa pilipili manga na tangawizi kipimo hicho hakina maana, maana vyenyewe vina wanga mwingi wa asili. Utamtuhumu mtu bure. Dawa ni kununua nzima na kusaga mwenyewe.

Pilipili kali kavu: kata tatu au nne upande wa kikonyo, angalia ndani. Ukungu wa kijivu ukiwa hata katika moja, acha fungu zima. Kuukaanga hakuondoi sumu ambayo ukungu umeshaitoa.

Wiki ya 1, mwisho: kukausha kitunguu saumu na tangawizi

Kitunguu saumu kilichomenywa kimekatwa vipande vya milimita 2 hadi 3, tangawizi vivyo hivyo, vikatandazwa kwenye trei bila kupandana. Siku mbili juani hazikutosha. Vipande vilinyauka lakini vilipinda badala ya kuvunjika, na kipande kinachopinda hakisagiki. Kinageuka gundi chini ya kisu cha mashine. Vimemaliziwa oveni kwenye nyuzi 60, mlango ukiwa wazi kidogo mvuke utoke, kwa saa tano. Zikipita nyuzi 65 kitunguu saumu huanza kuwa kahawia na kuchukua uchungu, ambao hauondoki tena.

Mavuno: kilo 1 ya kitunguu saumu kilichomenywa imetoa gramu 360 hivi, kilo 1 ya tangawizi gramu 190. Kitunguu maji tumeacha kukausha. Karibu asilimia 89 yake ni maji, hivyo kilo nzima inakuachia gramu mia na ushee, na mkaa au gesi iliyotumika ina thamani kuliko unga wenyewe.

Kabla ya kusaga, vipande vilivyopoa vinaingia friza dakika 20 ndani ya mfuko uliofungwa, kisha vinasagwa kwa miguso mifupi ya sekunde tano. Mashine ikipata moto, unga unashikana. Kwa pilipili kali, zima na usifungue kifuniko kwa dakika tano. Vumbi lake halisameheki.

Wiki ya 2: toleo la 1

Tumeanza na mpangilio wa Kimarekani unaozunguka kila mahali. Kwa gramu 100: sukari ya kahawia 30, paprika 25, chumvi 20, pilipili manga 8, kitunguu saumu 6, kitunguu maji cha unga cha dukani 5, bizari nyembamba 4, pilipili kali 2. Kipimo cha kupaka: gramu 30 kwa kilo ya nyama.

Dakika ya sita mbavu zilikuwa nyeusi nje na mbichi ndani. Ladha: uchungu, kisha utamu, kisha hakuna kitu, maana chumvi haikutosha.

Makosa ni mawili, na yanashikana. La kwanza ni moto. Mchanganyiko huu ulitungwa kwa nyama inayokaa saa nyingi kwenye moshi wa nyuzi 110 hadi 135, mbali na makaa. Sukari ya kawaida huanza kugeuka karameli karibu na nyuzi 160; wavu ulio juu ya mkaa uliokolea unapita 230 bila shida. Hapo sukari haigeuki karameli, inageuka masizi.

La pili ni hesabu. Gramu 30 za mchanganyiko zina gramu 6 tu za chumvi, wakati kilo ya nyama inataka kama 12. Ukitaka chumvi itoshe, inabidi upake gramu 60, na papo hapo umeongeza sukari kutoka 9 hadi 18. Chumvi na viungo vikiwa chupa moja, huwezi kurekebisha kimoja bila kuharibu kingine. Hili ndilo lililobadilisha mradi mzima.

Wiki ya 3: toleo la 2, chumvi peke yake

Sukari imetolewa. Chumvi imehamia chupa yake: gramu 12 kwa kilo ya nyama bila mfupa. Kwa mbavu za mbuzi tunaondoa theluthi ya uzito kwa ajili ya mifupa, hivyo kilo 1.5 ya mbavu inahesabiwa kilo 1 na inapata gramu 12. Kwa mapaja ya kuku tunaondoa robo.

Tumejaribu pia ipakwe lini. Vipande vinne vya mbavu moja: cha kwanza kimepakwa chumvi na kuwekwa motoni papo hapo, cha pili baada ya dakika 15, cha tatu saa moja, cha nne kimelala kwenye friji saa 12.

Kibaya kuliko vyote ni cha dakika 15. Chumvi huvuta maji ya nyama yatoke juu kwanza. Ukitazama unaona matone. Ukiweka motoni wakati huo, moto unafanya kazi ya kukausha maji badala ya kuchoma nyama, na kipande kinatoka cha kijivu kama kilichochemshwa. Ukisubiri, maji yale huyeyusha chumvi na kurudi nayo ndani. Cha saa moja kilikuwa kizuri, cha saa 12 kilikuwa na chumvi mpaka karibu na mfupa. Kwa hiyo ama papo hapo, ama saa moja na zaidi. Katikati hapana.

Onyo kwa asiye na friji: kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi, nyama mbichi isipite saa moja nje. Katika hali hiyo paka na weka motoni mara moja.

Chumvi ndiyo inayoingia ndani. Pilipili manga, giligilani na wenzao hukaa juu hata ukiwalaza siku mbili. Anayesema viungo "vimeingia mpaka kwenye mfupa" anaonja chumvi.

Wiki ya 3, jaribio la pembeni: unga wa papai bichi

Wachoma mishkaki wengi hulainisha nyama kwa papai bichi, ikaonekana si vibaya kulikausha (chini ya nyuzi 50, ili kimeng'enya chake kisife) na kulichanganya humu. Gramu 3 kwa kilo, saa tatu kwenye friji.

Limeshindikana. Uso wa nyama ukawa uji, ndani ikabaki ngumu vilevile, kwa kuwa kimeng'enya hicho hakisafiri mbali na kazi yake inapamba moto nyama inapofika nyuzi 60 hadi 70. Tena unga hauenei sawa: penye rundo panayeyuka, pasipo na rundo hapajui lolote. Papai bichi libaki la kukwaruzwa na kupakwa kwenye vipande vidogo vya mishkaki kwa nusu saa. Kwa mbavu, ulaini utatokana na muda wa moto.

Wiki ya 4: toleo la 3, ukubwa wa punje

Toleo la 2 halikuungua vibaya kama la kwanza, lakini uchungu kidogo ulibaki. Tulidhani ni bizari. Tulipochoma kila kiungo peke yake juu ya vipande vya kidari, wahalifu walikuwa wawili: paprika na kitunguu saumu. Vyote viwili vilikuwa laini kama poda. Punje ndogo hupata moto mara moja na kuungua kabla nyama iliyo chini yake haijatoa maji; punje kubwa hujikinga.

Kwa hiyo viungo vya kabla ya moto sasa vinasagwa kwa punje kubwa. Pilipili manga inapondwa kwenye kinu mpaka kila punje iwe vipande vitano au sita. Kinachopita kwenye chujio la chai kinawekwa kando kwa supu. Bizari nyembamba inapondwa nusu tu.

Giligilani ilitusumbua. Maganda yake ni makavu na yana nyuzi, yakisagwa kwa punje kubwa yanabaki kama pumba kwenye meno. Suluhisho ni kuikaanga kikavu kwanza, moto mdogo, dakika tatu hadi nne, mpaka punje ipasuke kwa ukucha bila kubonyea. Ipoe kabisa. Saga, chekecha, rudisha yaliyobaki juu usage tena, na yatakayobaki safari ya pili yatupe.

Pilipili manga na bizari hatuzikaangi. Zitakaangwa na mkaa. Bizari iliyokwisha kukaangwa, ikirudi motoni dakika 40, inapita kwenye kunukia na kuingia kwenye uchungu. Wengi hukaanga kila kitu kwa mazoea ya pilau, lakini ya pilau inaishia kwenye maji, hii inaishia kwenye moto mkavu.

Wiki ya 5: toleo la 4, kugawa mara mbili

Paprika na kitunguu saumu haviwezi kuachwa, rangi na harufu vinavyoitamanisha nyama viko hapo. Na juu ya mkaa havikai.

Jibu liko Memphis, Tennessee, Marekani, kwenye mbavu zao wanazoziita kavu. Mkahawa wa Rendezvous, ulioanzishwa na Charlie Vergos mwaka 1948, huchoma mbavu juu ya mkaa moja kwa moja, huzirashia siki iliyozimuliwa kwa maji, na viungo hunyunyizwa mwishoni. Watu husikia "viungo vikavu vya Memphis" wakavipaka kabla, wakaviunguza, kisha wakalaumu paprika.

Kwa hiyo chupa ni tatu.

Chupa A: chumvi. Gramu 12 kwa kilo ya nyama bila mfupa.

Chupa B, kabla ya moto, kwa gramu 100: pilipili manga iliyopondwa 40, giligilani iliyokaangwa 32, bizari nyembamba 18, tangawizi 8, mdalasini 1.5, karafuu 0.5. Kipimo: gramu 12 kwa kilo.

Chupa C, baada ya moto, kwa gramu 100: paprika 40, kitunguu saumu 20, unga wa embe bichi kavu 16, sukari 10, pilipili kali 8, chumvi laini 6. Kipimo: gramu 8 kwa kilo.

Karafuu ilianza na gramu 2 katika B. Nyama ikanukia dawa ya jino. Nusu gramu ni kama punje sita tu, na inatosha. Hutaitambua ukila, ila ikikosekana utajua.

Embe kavu limechukua nafasi ya ndimu. Ukali wa maji ya ndimu ni mzuri ila unalowesha uso uliokwisha kukauka vizuri. Ndimu kavu za Oman zilizosagwa nazo tumejaribu: harufu yake ni nzuri sana, lakini mbegu zisipotolewa kabla ya kusaga ni uchungu mwingine. Asiyepata embe kavu azitumie, gramu 10 badala ya 16.

Wiki ya 6: namna ya kupaka na kuchoma

Utaratibu uliokaa, kwa kilo 1.5 ya mbavu za mbuzi. Chumvi gramu 12, zilale kwenye friji usiku. Kesho yake kausha maji yaliyobaki juu kwa kitambaa safi. Pakaa mafuta kijiko 1 cha chai, si zaidi. Kazi yake ni kushika punje na kuyeyusha ukali wa pilipili, na yakizidi yanadondoka na kuwasha ndimi za moto. Nyunyiza B gramu 12 kutoka urefu wa shibiri, kisha kandamiza kwa kiganja. Usisugue. Ukisugua, punje zinajikusanya kwenye mikunjo.

Mkaa usogezwe upande mmoja wa jiko. Weka kiganja sentimita 12 juu ya wavu: ukivumilia sekunde 2 au 3 moto ni mkali mno, sekunde 5 hadi 6 ndio unaofaa. Mbavu zianze upande usio na makaa, jiko likifunikwa kwa sufuria kubwa iliyopinduliwa, dakika 40 hadi 50, zikigeuzwa kila dakika kumi na kurashiwa maji yenye ndimu kidogo. Mwisho zihamie juu ya makaa, dakika 3 kila upande. Zinalainika vizuri ndani zikifika nyuzi 88 hadi 92. Kuku ni mwepesi zaidi: salama ni nyuzi 74, lakini paja linapendeza likifika 80 na kitu.

C inyunyizwe nyama ikitoka tu, mafuta yakiwa bado yanachemka juu. Ukingoja dakika tano imekwisha kupoa, unga unakaa mkavu na kitunguu saumu kinawasha ulimi kama kibichi.

Wiki ya 8: masika

Chupa C imeganda. Ilikuwa inafunguliwa pembeni ya jiko kila siku, na siku ya tisa ikabidi ivunjwe kwa uma. Chumvi ya mezani huanza kunyonya maji ya hewa unyevu unapofika karibu asilimia 75, na asubuhi za masika pwani zinapita hapo. Sukari na kitunguu saumu vinasaidia kuharibu. Chupa B, ambayo haina chumvi wala sukari, haijagusika.

Marekebisho ya C: paprika 39, sukari 9, wanga wa mahindi 2, vingine kama vilivyokuwa. Punje za mchele, zinazosaidia kwenye kichupa cha chumvi, hapa ni usumbufu kwa kuwa zinaishia kwenye nyama. Kilichosaidia zaidi ni kugawa C kwenye vichupa vya gramu 40, kimoja tu kikiwa wazi, na kutokunyunyiza chupa moja kwa moja juu ya nyama inayofuka. Mvuke unapanda na kuingia humohumo. Mimina kwenye kibakuli kwanza.

Kosa jingine dogo: kundi la pili la C lilitiwa chupani unga ukiwa na joto la mashine. Kesho yake kulikuwa na ukungu wa maji ndani ya kifuniko. Limetupwa lote.

Wiki ya 10

Vichupa viwili vya C yenye wanga, kimoja kabatini na kimoja dirishani, vina wiki mbili. Vyote vinamiminika bila kugonga. Cha dirishani paprika imepauka ikawa rangi ya tofali, na harufu imepungua. Mwanga unaiharibu kuliko unyevu. B ya wiki sita bado inafaa lakini ukali wa pilipili manga umelala. Tutatengeneza B kila wiki mbili, gramu 120 kwa mkupuo, inayotosha kilo 10 za nyama.

Jaribio lililo mezani sasa ni samaki aina ya changu, mzima. B kwa kipimo cha gramu 12 imemfunika samaki kabisa. Tumeshusha hadi gramu 5, tangawizi imebaki, mdalasini na karafuu vimetolewa, na chumvi inapakwa dakika chache kabla ya moto tu.